Pumzi Tamu ya Venansia

Kinusio cha mlangoni kwa dada yangu kilinisema kabla hata sijavua viatu.

"Mafuta yako hayaungui. Umekula asubuhi ya leo," kilitamka kwa ile sauti yake laini ya kike. "Daraja la sita. Karibu, lakini jitahidi."

"Jitahidi wewe," nikakijibu. "Mshenzi mkubwa."

Wageni waliokaa uani wakaangua kicheko. Wote wananijua. Mimi ni Daktari Protasi Kobelo, mganga mkuu wa zahanati ya Mgeta Mpya, daraja la sita mwaka nenda mwaka rudi, aibu ya ukoo. Nimesomea udaktari mpaka macho yakaingia ndani, halafu nasutwa na kidude kisichozidi kiberiti kwa ukubwa, kilichopigiliwa kwenye fremu ya mlango! Kila mlango wa mji huu unacho. Ofisi inacho, shule inacho chake, hata kanisani huingii kusali mpaka kikunuse kwanza na kuwatangazia waumini umekula au hujala.

Siku hiyo nilikwenda kumsikiliza mposaji wa mpwa wangu Venansia. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba anaweza kusema mengi, tena baba wa Vena alikwishafariki, lakini binti haolewi mpaka mjomba afungue kinywa akubali. Mjomba ndiye mimi. Kwa hiyo walinivumilia, mlafi wa Bondeni, wakaniwekea kiti kizuri.

Dada yangu Leokadia akaja kunipokea huku kilemba kikimlegea kwa furaha.

"Tumsifu Yesu Kristo, kaka."

"Milele na milele, amina. Vena yuko wapi?"

"Ndani, anapambwa. Lakini Protasi, nakuomba, leo usilete maneno yako. Watu hawa ni wakubwa. Mama Fulgensi ni mjumbe wa Baraza la Mlo."

"Maneno gani? Mimi nina maneno?"

"Unayo. Na mengine umeshayasema mlangoni, yamesikika mpaka jikoni."

Akanivuta mkono anionyeshe bomba la maji lililokuwa ndani ya nyumba, ukutani, karibu na jiko. Alilifungua, akalifunga, akalifungua tena, akacheka peke yake. Nilikumbuka ndoo alizozipandisha kichwani miaka yote ile tulipokuwa majirani kule chini Bondeni, kwenye joto na mbu. Huku juu mlimani, penye chemchemi na ubaridi, wanakaa wenye daraja la kwanza mpaka la tatu. Leokadia alipandishwa msimu wa masika uliopita. Alipandishwa kwa sababu ya pumzi ya binti yake.

Ndiyo. Pumzi. Kuvu ilipoangamiza mahindi na viazi vya nchi nzima, Baraza liliamua tuwe tunakula mlo mmoja kwa siku, jioni. Sayansi yake haikuwa uongo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mtu asipokula, sukari ya mwilini hupungua. Ini nalo huchukua mafuta yaliyohifadhiwa na kuyageuza kuwa ketoni, mafuta mepesi ya taa tuseme, ambayo ubongo na moyo vinaweza kuyachoma badala ya sukari. Wafungaji wa Ramadhani na wa Kwaresima wameishi hivyo tangu zamani na hawakuhitaji kutangaziwa mlangoni. Ketoni moja, asetoni, hutoka na pumzi. Mwenye njaa ya wastani ananukia kidogo, tamutamu. Ndipo werevu wa Baraza walipotengeneza Kinusio: pumzi ikiwa tamu, huyu ni mzalendo, anajila mwenyewe na hagusi ghala la taifa. Mpeni maji, mpeni nyumba mlimani. Pumzi ikiwa kavu, huyu ni mlaji. Mshusheni, na wote wanaolala naye nyumba moja wafuatane naye.

Pumzi ya Vena ilikuwa tamu kuliko ya mtu yeyote pale mjini. Nilikuwa sijamwona tangu walipohama, maana wa daraja la sita hapandi mlimani bila mwaliko. Niliambiwa tu: Vena amependeza, Vena amekuwa mwembamba kama mwanamitindo, Vena anaposwa na wakubwa. Nikafurahi. Mjinga gani asingefurahi?

*

Nilibisha chumbani nikaingia. Wapambaji walikuwa wametoka kufuata ushanga. Vena alikaa pembeni ya kitanda, amejitanda kitenge kipya, na jagi la maji liko mapajani.

"Shikamoo, mjomba."

Kwanza ilinipiga harufu: mananasi yaliyoiva mno, yamechanganyika na dawa ya kufutia rangi ya kucha. Kisha nikayaona mabega. Mifupa mitupu! Macho yameingia ndani, midomo imekauka imepasuka, na kifua kinapanda na kushuka kwa nguvu, harakaharaka, kana kwamba amepanda mlima wote mbio, ilhali ameketi.

"Marahaba, mama," nikasema baadaye. "Hilo jagi la ngapi leo?"

"Joto tu, mjomba."

"Joto lipi? Mimi hapa nimevaa sweta."

Nikafungua mkoba wangu, nikamchoma kidole, nikaweka tone la damu kwenye kipima sukari. Hakikutoa namba. Kiliandika neno moja, JUU, maana yake sukari imepita pale kinapoweza kuhesabu. Nikakaa sakafuni kwenye mkeka mbele yake.

Binti yule hakuwa anachoma mafuta kwa sababu ana nidhamu. Kongosho lake lilikuwa limekufa. Lilikuwa halitoi tena insulini, ile homoni inayoifungulia sukari mlango iingie kwenye nyama za mwili, na ambayo pia hulishika ini mkono na kuliambia sasa basi, ketoni zinatosha. Mtu mzima wa afya akifunga, insulini kidogo hubaki, na ketoni hupanda kidogo zikatulia. Vena hakuwa na wa kuliambia ini basi. Sukari ilijaa kwenye damu haina pa kwenda, mwili unalia njaa katikati ya shibe, na ini linamwaga ketoni usiku na mchana mpaka damu inageuka tindikali. Ule upumuaji wa nguvu ni mapafu yanajaribu kuitoa. Kinusio kilikuwa kinapima moshi tu. Hakijawahi kuuliza kama kinachowaka ni jiko au ni nyumba yenyewe.

"Vena, unaumwa," nikamwambia. "Ni kisukari kile cha kukosa insulini kabisa. Twende zahanati sasa hivi. Nikikuwekea maji ya mshipa na insulini, utapona."

"Najua kwamba naumwa."

"Unajua?"

"Jina lake sikulijua. Lakini mjomba, nakunywa maji mpaka naona haya. Juzi nimetapika bafuni nikafungulia bomba ili mama asisikie." Alipumzika kidogo, pumzi zikamzidi. "Insulini ndiyo ile wanayoiita dawa ya walafi?"

"Wanaoiita hivyo ni wapumbavu."

"Lakini jokofu lako si linataka jina la mgonjwa ndipo lifunguke? Na jina likishaingia, nyumba nzima inashushwa. Si ndivyo?"

Ndivyo hasa. Jokofu la insulini la zahanati yangu lina mdomo kuliko hata Kinusio.

"Basi acha leo ipite," akasema. "Nikishaolewa nitakuwa nyumba nyingine. Hata nikishushwa, mama atabaki na bomba lake. Niache, mjomba. Na mama usimwambie."

"Unaongea kama kuna kesho! Ukilala hivi usiku wa leo, hutaamka. Unanielewa?"

"Unatia chumvi. Kila mtu anasema wewe unatia chumvi."

"Mimi?"

"Mimi ni mtu mzima. Nimesema sitaki."

Hapo ndipo nilipokwama, na nasema wazi. Sheria ya kazi yangu ni moja: mtu mzima mwenye akili timamu akikataa dawa, daktari anaweka mikono nyuma. Ni sheria nzuri, nimeitetea mbele ya watu wakali. Lakini akili timamu ni ipi, ubongo ukiwa unaelea kwenye tindikali? Na kukataa gani huku, mtu anapokataa uhai ili mama yake asibebe ndoo? Nani aliyemwekea mtoto huyu mizani ya namna hiyo? Nilitaka kumbeba begani kwa nguvu. Nilitaka pia kumheshimu. Nilikuwa bado mkekani nikigombana na nafsi yangu, wapambaji wakaingia na nyimbo zao wakamwinua.

"Hebu ona alivyo mwepesi!" mmoja wao akasema kwa wivu.

*

Sebule ilijaa. Mama Fulgensi alikaa katikati, mnene wa afya. Sikukosea kuona, wajumbe wa Baraza hupimwa na Kinusio chao wenyewe faraghani. Mwanawe Fulgensi, mposaji mwenyewe, alikuwa pembeni yake, kijana mpole anayetazama viatu vyake. Siku hizi posa haianzi na kuulizana ukoo, inaanza na kunusa mwali. Mama wa mwanamume analeta Kinusio kipya kwenye ungo, kimefunikwa kitambaa cheupe, na binti anapuliza mbele ya watu wote. Walikitoa wapi kitendo hicho sijui, ila sasa kila mtu anasema ni mila. Mila ya wapi? Bibi zetu walipika ugali wakamtazama bwana harusi anavyokula!

"Puliza, mwanangu," akasema Mama Fulgensi.

Vena akapuliza. Kinusio kikawaka taa zake zote, kikapiga muziki ambao sikuwahi kuusikia.

"Daraja la kwanza," kilitangaza. "Kiwango cha juu kupita vyote vilivyopokelewa Mgeta Mpya. Hongera, Venansia. Hongera, nyumba ya Leokadia."

Vigelegele vikapasua dari. Dada yangu ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote, mkono mdomoni, machozi yanamtiririka. Alikuwa anashangilia mwanawe anavyokufa, maskini ya Mungu, na hakuwa na habari. Nilimtazama Vena. Alinitazama akatikisa kichwa polepole: usiseme.

"Sasa tumsikilize mjomba mtu," akasema Mama Fulgensi. "Neno ni lako, Daktari. Sisi tumeridhika na pumzi ya binti."

Nikasimama.

"Mimi sijaridhika," nikasema. "Mtoto huyu anakufa."

Mtu akacheka nyuma, akidhani ni utani wa mjomba.

"Protasi!" Leokadia akapaza sauti. "Nilikuomba nini mimi?"

"Leokadia, dada yangu, nisikilize. Hiyo siyo pumzi ya uzalendo. Kongosho lake halifanyi kazi. Damu yake imekuwa tindikali. Nimempima sukari sasa hivi humo chumbani. Asipopata insulini leo, kesho mtakuja na nguo nyeusi."

"Insulini?" Mama Fulgensi alilitamka neno hilo kana kwamba nimetema mate kwenye zulia. "Binti wa daraja la kwanza apewe dawa ya walafi? Ili iweje, pumzi ikauke? Daktari, wewe mwenyewe ni daraja la sita. Una uchungu, tunakuelewa."

"Hunielewi hata chembe. Kidude chako hicho hakijui kutofautisha aliyefunga na anayekata roho. Wote kinawapigia muziki! Nimezika wawili mwaka huu, wa daraja la pili wote, na mkaja msibani mkasema wamekufa wakiwa safi. Safi! Haya hamna?"

"Chunga ulimi wako. Jina lake likiingia kwenye jokofu, posa hii imekufa. Na nyumba hii mtaiacha kabla ya Jumapili."

Nikageuka kwa Leokadia, maana kwa huyo mwingine nilikuwa napoteza pumzi yangu kavu. "Dada, hakutaka ujue. Anafia bomba lako. Nimevunja neno lake, na akitaka anichukie."

Leokadia alibaki ameshika kilemba chake kwa mikono miwili. Alisogea kwa binti yake, akamshika kidevu.

"Vena. Ile mikojo ya usiku."

Vena akafumba macho.

"Nilikusikia ukiamka. Nikasema mtoto anasali. Unatapika?"

"Mama, ni nyumba yako," akasema Vena, na hapo nguvu zikamwishia. Alianguka kwenye ungo, Kinusio kikaviringika sakafuni kikiendelea kusema hongera, hongera, mpaka Leokadia alipokikanyaga kwa kisigino.

"Nani ana gari?" dada yangu akauliza. Akawatazama watu mmoja mmoja, wale wale waliompigia vigelegele. "Jamani, nauliza, nani ana gari?"

Gari lilikuwa moja tu uani. Mama Fulgensi akamshika mwanawe goti. "Wewe kaa hapo hapo."

Fulgensi alikaa. Lakini aliingiza mkono mfukoni, akanirushia funguo bila kuinua macho kutoka kwenye viatu vyake. Simsifu sana. Ila nilizidaka.

*

Zahanatini nilianza na maji ya chumvi, chupa juu ya chupa, maana mwili wake ulikuwa mkavu kama gunia. Kisha nikaenda kwenye jokofu.

"Taja jina la mlaji," likasema.

Vena alikuwa amefumbua macho kidogo. Niliinama sikioni mwake. "Nauliza tena, na safari hii mama yako anasikia. Niweke jina?"

Alimtafuta mama yake kwa macho.

"Mimi mgongo wangu bado una nguvu," Leokadia akamwambia. "Ndoo nazijua. Kaburi lako silijui na sitaki kulijua. Sema ndiyo, mwanangu. Sema ndiyo au nitakuchapa hapa hapa na ukubwa wako wote."

Vena akacheka, au alijaribu. "Ndiyo," akasema.

"Venansia Kobelo," nikaliambia jokofu. Likafunguka, na papo hapo likatangaza kwa mji mzima kwamba nyumba ya Leokadia, Mlimani, imeshushwa. Nikachukua chupa yangu nikaufunga mlango kwa teke.

Insulini ikaanza kuingia kwa dripu, kidogokidogo. Hapo hutakiwi kukimbilia. Sukari ikishuka haraka mno ubongo unaumia, na madini ya potasiamu yakipungua moyo unakosea mapigo. Nilikaa na kiti changu pembeni, nikipima, nikirekebisha, nikilaani. Majirani wa Mlimani walikuwa wametufuata, wakajipanga kwenye mabenchi ya ukumbi, wengine kwa huruma, wengine kuangalia tu msiba wa mtu. Na ukutani juu ya kitanda kilikuwepo Kinusio, maana sheria inataka kila kitanda cha zahanati kiwe nacho. Nimeshaomba kiondolewe mara nyingi, mpaka nimechoka kujibiwa.

Jua lilikuwa limeelemea magharibi kilipozungumza.

"Pole, Venansia. Umeshuka daraja la pili."

Wanawake wa mabenchini wakaguna kwa pamoja, "Aaah," kama walivyofundishwa, kama mtu aliyevunjiwa chungu. Mmoja akaanza kumfariji Leokadia, akimpapasa mgongo. "Pole mama. Labda itapanda tena."

Leokadia alimtazama yule mwanamke. Kisha akanitazama mimi. "Kaka, kushuka huko ndiko kupona?"

"Ndiko. Ini limeanza kusikia. Sukari imepata mlango, ketoni zinapungua. Bado safari ni ndefu, lakini ndiko."

Alikaa akimtazama binti yake kifuani. Ile pumzi ya nguvu ilikuwa imeanza kulegea.

"Pole, Venansia. Umeshuka daraja la tatu."

Mabenchi yakavuta pumzi ili yagune. Ndipo dada yangu alipoinuka, akakaza kilemba, akaweka mkono mdomoni na kupiga kigelegele. Kirefu, cha harusi kabisa, kikagonga dirisha na kurudi. Wanawake wakaduwaa. Mimi nilidhani amechanganyikiwa, halafu nikaona uso wake.

"Mnanyamaza nini?" akawafokea. "Mchana mlinisaidia kumshangilia mwanangu anakufa. Sasa anafufuka mnagunia nini? Pigeni!"

Hakuna aliyepiga. Wawili watatu waliondoka. Alipiga peke yake daraja la nne. Daraja la tano lilikuja kumekucha, majogoo yanawika Bondeni, naye sauti imeshakauka, inatoka kama filimbi mbovu. Yule aliyempapasa mgongo akamwangalia, akaangalia kitanda ambako Vena alikuwa amelala anapumua kama watu, akaweka mkono mdomoni akamsaidia.

Asubuhi damu ilikuwa safi, sukari imetulia. Vena aliketi akaegemea mto. Nilimchoma sindano yake ya kwanza ya chini ya ngozi, na mama yake akamletea kiazi kitamu cha moto alichokipika kwenye jiko la zahanati, mchana kweupe, saa ambayo Mgeta Mpya nzima imefunga. Akakimenya akampa. Vena akala. Alikula taratibu huku akilia, akalamba vidole.

Kinusio kikangoja amalize, kikasafisha koo lake la bati.

"Pole, Venansia. Umekula. Daraja la sita, la mwisho."

Nikafungua kinywa nikitukane, lakini sikusikika. Ukumbi mzima ulikuwa unapiga vigelegele.